Tundu la Bunduki Jikoni kwa Bibi

Duinekamp, Ankerbaai
Jumatano, 3 Juni 1998

Babu yangu Gosain,

Assalamu alaikum. Naandika leo baada ya shule, na nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Bibi amesema niyaruke. Nabusu mkono wako kwa mbali.

Hunijui. Mimi ni Waseela, mjukuu wa dada yako Jawaahier, binti wa Riedwaan uliyemwacha akiwa na miaka mitano. Nina miaka kumi na tatu. Sote ni wazima. Bibi anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini anasema la kulia linafanya kazi ya mawili. Baba bado anapaka rangi mashua. Mama anakusalimu sana. Bibi hakusema nikusalimie, lakini niliposema nakuandikia alizima redio, na kwa Bibi hilo si jambo dogo.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu ametuambia kila mmoja achague jengo moja la kale la Ankerbaai na kuandika historia yake. Wenzangu walichagua mnara wa saa, mzinga unaolia saa sita mchana, na msikiti wa juu ya ngazi. Mimi nimechagua nyumba namba 9 na namba 11 za Mtaa wa Ghala la Baruti, kwa sababu wewe na Bibi mlizaliwa namba 9.

Babu, nyumba yenu siku hizi ni makumbusho. Zote mbili zimeunganishwa na zinaitwa Nyumba ya Walinzi wa Baruti. Kibao cha mlangoni kinasema askari wa Kiholanzi waliishi humo wakilinda ghuba. Hakisemi kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuishi humo.

Nilikwenda na Bibi. Anayewatembeza wageni ni Bwana Terblanche, mstaafu wa jeshi la wanamaji, mtu mpole mwenye fimbo ya kuonyeshea. Alianza na kulabu ya darini.

"Hii ni kulabu ya kunyongea waasi," alisema.

"Ya samaki," Bibi alisema.

"Samahani, mama?"

"Baba yangu alitundika samaki hapo. Muasi gani wa kunyongwa kwenye kulabu yenye urefu wa kidole?"

"Watu wa zamani walikuwa wafupi, mama," alijibu Bwana Terblanche kwa upole.

Kisha alituonyesha jiwe la kusagia baruti. Nililinusa. Linanuka bizari nyembamba. Halafu tukafika kwenye ukuta ulio kati ya majiko mawili, la namba 9 na la namba 11. Kuna tundu la mviringo, limeandikwa "Tundu la bunduki, 1795". Niliinua mkono kama tulivyofundishwa.

"Bwana Terblanche, tundu hili linaelekea jiko la pili. Askari alikuwa anampiga nani?"

Alichungulia tunduni. "Adui akishaingia jikoni, binti," alisema, "hakuna njia nyingine."

Chini ya tundu kuna sanduku la kioo lenye tufe la mzinga mdogo, lililopatikana ndani ya ukuta huo mwaka 1985. Ni jeusi, la ukubwa wa yai la bata, lakini kuna sisimizi humo. Bwana Terblanche anasema sisimizi wa Ankerbaai wanapenda chuma.

Nimegundua kwamba Bibi huenda huko kila Jumatano, siku ambayo wazee hawalipi kiingilio. Husimama jikoni kwake robo saa kisha hurudi nyumbani. Makumbusho yamempa beji ya Mgeni Mwaminifu. Anaiweka kwenye droo ya soksi.

Sasa kuna fomu. Serikali imesema waliohamishwa kwa nguvu enzi za ubaguzi wanaweza kudai nyumba zao, na mwisho wa kupeleka madai ni tarehe 31 Desemba. Bibi hana karatasi hata moja. Bwana anayetusaidia pale msikitini anasema bila karatasi tutafute shahidi asiye ndugu yetu, aliyeishi mtaa uleule. Wote wamekufa au wamehama. Amebaki mmoja, Bi Mymoena wa namba 11, ambaye sasa anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Hawajasemezana na Bibi kwa miaka thelathini. Wakikutana dukani, Bibi hutazama mikate na Bi Mymoena hutazama sabuni.

Nilimpelekea fomu mwenyewe. "Nitaweka saini," alisema, "siku sahani yangu itakaporudi. Mwambie bibi yako hivyo."

Bibi alijibu, "Mwambie sina sahani yake. Na mwambie chai yake ilikuwa nyepesi tangu zamani."

La chai sikulifikisha. Nilipomuuliza Bibi sahani iko wapi, alisema, "Kamuulize aliyeondoka."

Aliyeondoka ni wewe, Babu. Unajua lolote kuhusu sahani ya Bi Mymoena? Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza.

Wako mtiifu,
Waseela


Fremantle
Tarehe 6 Julai 1998

Mjukuu wangu Waseela,

Waalaikumu salaam. Barua yako imefika na nimeisoma mara nne, mara moja kwa kila kikombe cha chai. Namshukuru Mungu kwa afya zenu. Mwambie Jawaahier apake goti mafuta ya karafuu, na asiseme kwamba ni mimi niliyesema.

Huku ng'ambo ya bahari ni baridi. Mvua imeziba mifereji ya paa na nimeshinda wiki nzima juu ya ngazi. Mlimau wangu umezaa sana mwaka huu, mpaka majirani wananikwepa wakiniona nimebeba mfuko. Nilistaafu useremala mwaka jana. Ninaishi peke yangu. Sikuwahi kuoa, nilikuwa na shughuli.

Andika kwenye kazi yako ya shule kwamba kulabu ni ya samaki. Niliigongomea mwenyewe, nikajigonga kidole gumba, na kucha haijanyooka hadi leo. Jiwe ni la mama yetu la kusagia viungo. Sielewi namna gani mtu mzima anaweza kunusa bizari na kufikiria vita.

Kuhusu sahani, dunia ina sahani nyingi.

Bado mnapanda zile ngazi za msikitini? Zilikuwa themanini na nne. Na Mymoena bado anaziba mdomo kwa mkono akicheka? Usijibu hilo. Nimeandika kwa wino na karatasi ni ghali.

Babu yako,
Gosain


Duinekamp
Jumatano, 19 Agosti 1998

Babu yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Tumefurahi kwa barua yako. Ngazi bado ni themanini na nne. Nilizihesabu Ijumaa, kisha nikazihesabu tena wakati wa kushuka. Goti la Bibi lina nafuu. Alipaka mafuta ya karafuu bila kuambiwa na mtu, kwa sababu barua yako ilikuwa wazi juu ya meza.

Babu, hukunijibu. Najua si adabu mtoto kumwambia mkubwa hivyo, lakini Mwalimu anasema mtafiti akikosa jibu huuliza tena kwa njia nyingine. Kwa hiyo nilikwenda kwa Bi Mymoena na daftari.

Anasema sahani ilikuwa nyeupe, yenye mstari wa bluu, na ukingoni ina pengo dogo kama mwezi wa siku ya pili. Ilikuwa ya mama yake. Aliipitisha kwa upande wenu Ramadhani ya mwaka 1967, muda mfupi kabla ya magharibi, siku moja kabla ya malori ya serikali kuja kuwahamisha. Nilimuuliza aliipitisha wapi.

"Kwenye tundu, wapi tena?" alisema. "Tangu lini sahani za futari zikazungushwa barabarani kama maiti?"

Basi hapo nikajua tundu lile si la bunduki. Nilimuuliza ilikuwa na nini juu yake. Alisimama akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Aliyeila anajua," alisema. "Sahani ya jirani huirudishi tupu, sawa? Na huirudishi ukiwa umechelewa. Lakini kuchukua sahani, na kilichokuwa ndani, na kupanda meli! Jawaahier alimficha. Alijua, akamficha."

Jumamosi walikutana dukani tena. Bibi alikuwa anachagua viazi. Bi Mymoena alimwambia muuzaji kwa sauti, "Nipe sahani moja mpya, kaka. Mtaa huu zina tabia ya kusafiri." Bibi akamwambia muuzaji huyohuyo, "Na mimi nipe majani ya chai, kaka. Kuna watu wamesahau yanafananaje." Muuzaji aliniangalia kama vile mimi ndiye ninayepaswa kutoa hukumu.

Huko makumbusho mambo yamezidi. Wameleta sanamu la dukani, lile la kuvalishwa nguo dirishani, wamelivisha sare ya askari na kuliweka kwenye tundu na bunduki. Ila lilitengenezwa kwa ajili ya suti za harusi, kwa hiyo linatabasamu na mkono mmoja uko kiunoni. Bibi amelalamika kwa maandishi. Hakulalamikia bunduki. Ameandika, "Amesimama mahali pa jiko langu la mafuta, na ataungua."

Bwana Terblanche alisoma malalamiko kwa heshima na kuyaweka kwenye faili. Aliniambia, "Bibi yako ana mawazo mengi ya kupendeza. Ana ushahidi wowote?"

Sikuwa nao, Babu. Zimebaki siku mia moja na thelathini na nne. Ni nani aliyetoboa tundu lile, na ni nini kilikuja juu ya sahani?

Mjukuu wako,
Waseela


Fremantle
Tarehe 27 Septemba 1998

Waseela,

Waalaikumu salaam. Barua imechelewa kwa sababu ya ndege mmoja mweusi na mweupe anayetaga mbele ya nyumba yangu. Msimu huu humshambulia tarishi kichwani, na tarishi alikataa kushuka kwenye baiskeli kwa wiki mbili. Sasa huja amevaa kofia ya pikipiki. Mimi ni mzima. Malimau yamekwisha na majirani wameanza kunisalimu tena.

Nimekuwa nikijiuliza mtoto wa miaka kumi na tatu anahitaji kujua nini. Nitakupa la ufundi.

Tundu nilitoboa mimi, mwaka 1958, nikiwa na miaka kumi na saba. Mama alichoka kutuma watoto na sahani za futari, maana kati ya mlango wetu na mlango wao walikuwa wanakula nusu. Akaniambia, "Gosain, toboa ukuta, pima kwa sahani." Nikachukua sahani kabatini, nikaizungushia penseli, nikatoboa siku mbili. Kazi safi kabisa. Kumbe nilikuwa nimepima kwa sahani ya chini ya kikombe.

Sahani ya futari haikupita ikiwa imelala. Ilibidi uisimamishe kidogo, kama unavyopitisha meza mlangoni. Na ukuta ule ni kuta mbili, katikati kuna mwanya wa kifusi. Ukiinamisha sahani, kitu kinateleza kinaingia mwanyani. Baba yangu alipoteza sambusa nyingi humo. Kila Ramadhani aliniambia, "Fundi wangu, panya wamekuombea dua." Mama aliniruhusu nichonge ncha mbili tu kwa mshazari, sahani ipite imeinama, si nilipanue lote. Alisema aibu yangu ikae ukutani niwe naiona.

Hilo ndilo la ufundi. Lililobaki ni fupi. Jioni ile nilikuwa nimemuuliza Mymoena jambo kupitia tundu. Sitakwambia jambo gani. Tulikubaliana asijibu kwa mdomo, kwa kuwa wazazi walikuwa hatua tatu tu nyuma yetu. Atume sahani: kitu kitamu ni ndiyo, kitu cha chumvi ni hapana.

Ikaja tupu.

Tupu hatukukubaliana maana yake. Lakini mtu wa kwetu akikutumia sahani tupu, huhitaji kamusi. Nilifunga sanduku langu usiku ule. Sahani niliichukua kwa sababu sikujua namna ya kuirudisha. Ningeirudisha na nini?

Jawaahier hakunificha. Alinilaumu kwa kuondoka wiki ileile mama alipopoteza nyumba, na alikuwa na haki. Mwambie Mymoena neno moja tu, kwamba ilikuja tupu. Halafu tuachane na hili, nizungumzie malimau.

Babu yako,
Gosain


Duinekamp
Jumatano, 28 Oktoba 1998

Babu yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Tafadhali keti kabla ya kusoma. Sote ni wazima na Baba amepata mashua mbili mpya za kupaka rangi. Hizo ndizo salamu, samahani ni chache.

Nilimpelekea Bi Mymoena neno lako. Alikuwa anakunja nguo. Aliketi juu ya nguo alizozikunja.

"Tupu?" alisema. "Tupu vipi? Niliweka koesister, andazi tamu kuliko yote. Moja, kubwa, nikaiviringisha kwenye nazi mara mbili. Nilimwibia mama yangu kwenye karai!" Kisha akanishika mkono. "Mtoto, nilingoja sahani mpaka malori yakaja. Nilisema amekula jibu langu akakimbia."

Nikamwambia kuhusu penseli na sahani ya kikombe. Nami nikawa nafikiria mwanya wa kifusi, na sambusa za baba yako, halafu nikawafikiria sisimizi.

Babu, nilikimbia hadi nyumbani kuchukua sumaku yangu ya shule.

Leo, kwa ruhusa ya Mwalimu, tumekwenda makumbusho sote watatu. Bibi na Bi Mymoena walikaa ncha mbili za benchi la basi, mimi katikati na bakuli la maji limefunikwa kwa kitambaa. Kulikuwa na wageni kumi na wawili kutoka mjini. Bwana Terblanche alipofika kwenye sanduku la kioo, niliinua mkono.

"Bwana Terblanche, naomba ruhusa ya kufanya jaribio la sayansi."

Ni mtu mwenye heshima sana kwa elimu. Akafungua sanduku. Nikaleta sumaku karibu na tufe. Halikusogea.

"Chuma cha zamani huchoka," alisema, lakini alikuwa ameanza kukunja uso.

"Basi tulitie majini," nikasema. "Chuma kinazama."

Alilishika kwa glavu nyeupe na kulishusha kwenye bakuli, na wakati huohuo mzinga wa saa sita ukalia, wageni wote wakaruka. Tulipotazama tena, tufe lilikuwa linaelea. Lilizunguka polepole kama bata. Mgeni mmoja alipiga picha. Kisha harufu ikaanza kupanda, Babu. Mdalasini, iliki, na ganda la chungwa. Sidhani kama nitaisahau.

Bi Mymoena alisukuma watu kwa kiwiko akainama juu ya bakuli.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Mama," alisema Bwana Terblanche kwa sauti ndogo, "hii ni silaha ya Kampuni ya Kiholanzi."

"Ni unga, viazi na hamira. Ipasue katikati utaona iliki nzima. Mama alinigombeza kila siku kwa sababu sikuwa nazisaga."

Bwana Terblanche aliipasua kwa kisu cha kufungulia barua. Iliki ilikuwemo, Babu, nzima, na maganda yake. Bwana Terblanche alivua miwani. Alisema ameieleza koesister hii kwa watu zaidi ya elfu kumi, wakiwemo maamirali wawili, na mmoja wao aliipigia saluti. Akaketi kwenye kiti ambacho kimeandikwa "Usikalie."

Bibi ndiye aliyesema kwanza. Hakumtazama Bi Mymoena, alilitazama tundu. "Ulimjibu ndiyo," alisema.

"Nilimjibu ndiyo."

"Miaka thelathini nilidhani ulimtumia sahani tupu ndugu yangu."

"Nami nilidhani ulimficha mwizi."

"Mwizi ni wa kwako," Bibi alisema. "Wa kwangu ni fundi mbaya tu."

Nilitegemea Bi Mymoena atacheka na kuweka saini palepale, kalamu nilikuwa nayo. Lakini alikunja mikono. Anasema sasa ndiyo hasa anaitaka sahani yake, kwa sababu zamani aliidai kwa hasira na sasa anaidai kwa haki. Saini haitangulii sahani.

Zimebaki siku sitini na nne. Je, bado unayo? Na haijavunjika?

Waseela


Fremantle
Tarehe 18 Novemba 1998

Waseela,

Waalaikumu salaam. Ndege ametulia. Tarishi amevua kofia.

Nimeketi kama ulivyosema. Nimeketi siku tatu.

Ninayo. Imetundikwa ukutani jikoni kwangu tangu mwaka 1968 na sijawahi kulia chakula juu yake. Wageni wakiuliza, nasema ni ya urithi. Leo nimeifunga kwenye sweta mbili na kuipeleka posta kwa ndege. Kwenye karatasi ya forodha walitaka niandike kilichomo. Limau haliruhusiwi, wala kitu cha kuliwa. Nimeandika ukweli: sahani moja, tupu. Mweleze Mymoena kwamba safari hii ni sheria.

Ukuta umebaki na duara jeupe mahali ilipokuwa. Usiniulize zaidi ya hapo.

Gosain


Duinekamp
Jumapili, 27 Desemba 1998

Babu yangu mpendwa,

Assalamu alaikum na Ramadhani njema. Leo ni funga ya nane. Mimi nafunga zote mwaka huu, na Baba hufunga zote akilalamika. Bibi ni mzima, goti na yote. Amesema nikusalimie. Amesema hivyo kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi.

Sahani ilifika Jumatatu, nzima, na pengo lake la zamani tu. Bi Mymoena alisoma karatasi ya forodha. "Tupu tena!" alisema, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Uliandika nisijibu swali lako la Julai, lakini niliapa kueleza kila kitu. Ndiyo, Babu, bado anaziba mdomo kwa mkono.

Alisema lazima irudi kwa njia iliyopitia. Kwa hiyo Jumatano Bwana Terblanche alituachia makumbusho wazi hadi magharibi, na alivaa sare yake ya zamani. Tulimhamisha yule askari anayetabasamu. Sasa amesimama karibu na sinki. Bibi alikuwa jiko la namba 9, Bi Mymoena jiko la namba 11. Bibi alijaza sahani bajia na sambusa, akaifikisha kwenye tundu, na ikakwama, kama ulivyoandika.

"Iinamishe!" alisema Bi Mymoena kutoka upande wa pili.

"Naiinamisha, kwani ni mara yangu ya kwanza?"

"Kushoto juu!" alipiga kelele Bwana Terblanche, kama yuko kwenye meli. "Taratibu! Shikilia hapo!"

Ikapita. Bajia moja ilianguka ukutani. Nilitaka kuitoa kwa rula, lakini Bwana Terblanche alisema tuwaachie watafiti wa baadaye. Adhana iliposikika kutoka juu ya ngazi, tulifuturu palepale sakafuni, na Bwana Terblanche alikula sambusa saba. Bi Mymoena alileta chai kwenye chupa. Bibi alionja.

"Bado nyepesi," alisema, akaomba kikombe cha pili.

Kisha Bi Mymoena alichukua fomu, akaiweka juu ya jiwe la mama yako, na kusaini. Aliandika: "Niliishi namba 11. Naijua familia hii kupitia ukuta." Bwana Terblanche aliomba kuongeza barua yake, inayosema tundu ni la sahani na yeye alikosea kwa miaka kumi na mitatu. Alhamisi asubuhi Baba alipeleka fomu na barua ofisini, na nimeona muhuri kwa macho yangu. Hatujui watasema nini wala lini. Bibi anasema amezoea kungoja akiwa amesimama, sasa atangoja ameketi. Kazi yangu ya shule Mwalimu aliirudisha na maneno "Toa chanzo," kwa hiyo nimempelekea kipande cha iliki.

Kibao kipya kimeandikwa "Koesister, 1967. Usiguse." Sisimizi hawajui kusoma.

Sasa lililobaki. Leo Bi Mymoena amekuja mlangoni kwetu na sahani ileile, juu yake koesister saba zenye nazi. Ameiweka mezani.

"Sasa iko upande wenu," alisema. "Jawaahier ameshamaliza zamu yake. Hii itarudishwa na yule aliyeondoka nayo, kwa mkono wake, si kwa posta."

"Na zikiharibika?" Bibi aliuliza.

"Nitaleta nyingine kila Jumapili. Mle hizo. Nina unga."

Nimeifunika kwa kitambaa cheupe kwenye kabati, upande wa dirisha. Watu wa Duinekamp wameanza kupita kuitazama. Ila Bi Mymoena hununua unga kwa mwezi mzima, na ameniuliza anunue kiasi gani. Nikasema nitakuandikia leoleo. Tafadhali, Babu, nijibu kwa posta ya kwanza: nimwambie atengeneze za Jumapili ngapi?

Mjukuu wako,
Waseela